Seti ya kuvunia mvua ya lita 5,000: kipi cha kununua na kipi cha kuacha dukani

Maduka ya vifaa vya ujenzi, Unguja na Pemba, siku hizi huuza vifaa vya kuvunia mvua vikiwa seti moja: tangi jeusi la plastiki la lita 5,000, milizamu ya PVC ya kukinga maji ukingoni mwa paa na vyuma vya kuishikia, kikapu cha chujio, na bomba fupi la kutupia maji ya kwanza, yale yanayokosha uchafu wa paa. Seti tunayoikagua hapa imefungwa kwenye nyumba ya bati ya mita 10 kwa 6, pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe. Hukumu yetu ni hii: tangi linunue, milizamu inunue kwa masharti, na bomba la maji ya kwanza liache palepale dukani ukajengewe jingine na fundi.

Kwanza ieleweke kwa nini upande huo mvua ina thamani kubwa hivyo. Maji matamu ya chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 kabla ya kukutana na chumvi. Karibu na ufuo usawa huo huwa sentimita chache tu, kwa hiyo tabaka zima ni jembamba. Pampu ikivuta kwa nguvu, chumvi hupanda kutoka chini kufuata mdomo wa bomba. Asilimia 2 tu ya maji ya bahari ikichanganyika na maji ya kisima, ladha ya chumvi inasikika. Kisima kikishafika hapo, kukipumzisha kwa wiki moja hakukirudishi kilivyokuwa. Kila ndoo inayotoka kwenye tangi la mvua ni ndoo ambayo kisima hakikuombwa.

Sasa hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, ukitoa sehemu ya tano kwa yanayoruka, yanayokauka na yanayotupwa, hukupa lita 48 kwa kila milimita. Mwezi wa masika wenye milimita 300 huleta lita 14,400, yaani tangi hili hujaa karibu mara tatu. Kwa hiyo tatizo la masika ni pa kuyaweka. Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kwa mtu kwa siku, lita 5,000 zinakwisha kwa siku 41. Ikiyatenga kwa kunywa na kupikia peke yake, lita 7 kwa mtu, yanafika siku 119, na hapo kaskazi yote ya Januari hadi masika inavukwa bila wasiwasi. Muuzaji anayesema tangi moja la ukubwa huu litakuondolea haja ya kisima mwaka mzima, mpaka kufua na kuogea, hakupiga hesabu.

Tangi lenyewe halina lawama kubwa. Weusi wake ni faida, maana mwanga hauingii na ule utando wa kijani unaoota kwenye matangi meupe hauoti. Ubaya wake ni tundu la kutolea maji, ambalo liko chini mno, karibu kabisa na sakafu, kwa hiyo mfereji ukifunguliwa tope la chini hutoka mwanzo. Dawa yake ni rahisi: ndani ya tangi fungia kiwiko kwenye tundu hilo, kielekee juu, kiinue mdomo hadi sentimita 10 kutoka sakafuni. Na maji yanayoingia yasidondoke kutoka juu. Yateremshwe kwa bomba mpaka karibu na chini, kisha kiwiko kigeuze mdomo utazame juu, tope lisitibuliwe kila mvua inaponyesha.

Jukwaa halimo kwenye seti, na ndilo linaloua matangi mengi. Lita 5,000 ni tani tano. Mwaga zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, unene sentimita 15, upana mita 2.2 ili ukingo wa tangi usikae pembeni ya zege. Liinue nusu mita kutoka ardhini, ndoo ya lita 20 iingie chini ya mfereji bila kulazwa. Mchanga wa ufuoni usitumike hata kidogo: chumvi yake inakula nondo, na kuuchota kunamega ufuo. Wanaoweka tangi juu ya mbao au matairi hujuta, kwa sababu kitako cha plastiki hubonyea kati ya mbao na ufa huanzia hapo. Ukishaliweka, lijaze nusu, liache siku moja, pima kama jukwaa limebaki sawa, ndipo ulijaze.

Milizamu ina upana wa sentimita 10, na kwa paa hili inatosha. Kanuni ya kazi ni sentimita moja ya mraba ya mlizamu kwa kila mita ya mraba ya paa. Kila upande wa paa hapa una mita za mraba 30, na mlizamu nusu duara wa upana huo una sentimita za mraba 39. Mvua ya milimita 60 kwa saa humimina lita moja kwa sekunde kutoka paa zima. Masharti yetu ni mawili. Vyuma vya kushikia vilivyomo ni vya mita moja kwa kimoja. Nunua vya ziada uviweke kila sentimita 50, la sivyo mlizamu uliojaa maji utajipinda katikati, na pale ulipojipinda maji yatalala na mbu watataga. Pili, misumari iliyomo ni ya chuma cha kawaida, na kwa hewa ya bahari itaoza mapema. Tia skrubu zisizoshika kutu. Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita, upimwe kwa uzi.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kabla ya mvua, juu ya bati kuna vumbi, majani, chumvi iliyoletwa na upepo wa kusi, na mavi ya kunguru, wale kunguru wa Kihindi waliojaa visiwani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Maji ya mwanzo hukosha yote hayo. Yakiingia tangini, umeweka akiba ya uchafu. Kipimo cha chini cha kutupa ni nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa hili linataka lita 30. Penye mti juu ya paa au kunguru wengi, zidisha. Bomba la seti ni la inchi 4, urefu mita moja. Lina lita 8. Zikishajaa, lita 22 zilizobaki za maji machafu zinaelekea tangini moja kwa moja.

Kasoro kubwa zaidi ni jinsi linavyomwagwa. Chini lina koki ya kufunguliwa kwa mkono. Mvua ya masika hunyesha saa tisa usiku, ikakatika, ikarudi baada ya siku mbili. Bomba bado limejaa maji ya mvua iliyopita, na uchafu mpya wa paa hauna pa kwenda ila tangini. Basi mwambie fundi atumie bomba la inchi 6, linalobeba takriban lita 18 kwa mita, urefu mita 2, lipate lita 36. Lisimame wima kabla ya mlango wa tangi, juu likiunganishwa kwa kiungo cha T. Ndani atie mpira mwepesi wa kuelea unaopanda na maji na kuziba shingo bomba likijaa. Chini aweke kifuniko cha kuzungusha, na kwenye kifuniko atoboe tundu la milimita 2. Tundu hilo huliondoa maji lenyewe kwa muda usiofika saa mbili, tayari kwa mvua inayofuata. Wakati mvua inaendelea litapoteza kama lita 40 kwa saa. Weka ndoo chini yake umwagilie mchicha. Tundu la milimita 5 au 6 ni kosa, maana kwenye manyunyu ya mchoo maji yote yataishia hapo. Tundu dogo nalo huziba kwa mchanga na vijani vya mwarobaini, kwa hiyo kifuniko kifunguliwe na kukoshwa kila wiki wakati wa mvua. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kikapu cha chujio kina matundu ya nusu sentimita. Kinazuia majani, hakizuii mbu, na mbu wa dengue hupenda hasa maji masafi yaliyofunikwa nusu nusu. Kiongezee wavu wa dirishani wa nailoni, wa waya utaoza. Wavu huohuo ufungwe kwenye bomba la kufurikia, ambalo katika seti hii ni la inchi 2 ilhali linaloingiza ni la inchi 4. Lina robo tu ya nafasi. Tangi likijaa na mvua ikikaza, maji yatatokea kwenye kifuniko cha juu. Badilisha liwe inchi 4.

Maji yanayofurika yasiachwe yakachimba msingi. Yapeleke kwenye shimo la mita moja kwa moja, kina mita moja na nusu, mita 3 au zaidi kutoka ukutani, kokoto chini na sentimita 50 za mchanga juu yake. Mchanga ni wa lazima maweni, kwa sababu jiwe lina nyufa na maji hupita yakiwa hayajachujwa hata kidogo. Kwa sababu hiyohiyo shimo likae mbali na karo, mita 15 au zaidi, maji yasije yakasukuma ya karo kuelekea kisimani. Kwenye udongo mzito wa vilima vya Chake Chake na Mkoani shimo hunyonya polepole, lipanuliwe. Micheweni ni maweni kama mashariki ya Unguja.

Maji ya tangi ni mepesi, sabuni inatoa povu haraka na birika halishiki ule ukoko mweupe wa maji ya visima. Lakini wepesi si usalama. Ya kunywa yachemshwe, au tangi litiwe klorini: kwa lita 5,000 zilizojaa, gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 65, ukorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji. Baada ya nusu saa kipimo kionyeshe miligramu 0.5 kwa lita. Kikionyesha chini ya hapo, tope ndilo limeila klorini, na tangi linahitaji kuoshwa kabla ya kuongeza dawa.

Paa la makuti lisiunganishwe kabisa na tangi la kunywa. Maji yake hutoka rangi ya chai na hunuka.

Fedha ikiwa haitoshi seti nzima pamoja na marekebisho haya, chukua tangi la lita 3,000, na kinachobaki kitie kwenye jukwaa na bomba la inchi 6. Kwa watu sita, kunywa na kupikia, lita hizo ni siku 71.