Inakula uniti ngapi? Majira mawili ya baridi na pikapu ya umeme Minnesota

Kila nikipiga simu Arusha, kaka yangu haniulizi bei ya gari. Anauliza, "Hiyo pikapu inakula kiasi gani?" Ninaendesha Ford F-150 Lightning ya 2023, ile yenye betri kubwa, hapa Minneapolis, na kila safari naiandika daftarini. Nahesabu kwa uniti, maana kilowati-saa moja ndiyo uniti ileile tunayonunua kwa LUKU.

Betri inabeba uniti 131, na makadirio rasmi ya Marekani ni maili 320, karibu kilomita 515. Nimeukaribia umbali huo kiangazi tu, barabara za mjini, mwendo wa 60, bila mzigo. Hapo inakula uniti 26 au 27 kwa kilomita 100. Barabara kuu, kwenye 110, inafika 31. Pikapu ina uso mpana uliosimama kama kabati, na ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakuzuia mara nne. Nikishusha hadi 100 naokoa uniti tatu au nne.

Januari ni habari nyingine. Nyuzi hasi 20, barabara kuu, inakula 44. Kwenda dukani na kurudi, kilomita sita tu, hesabu inapita 55 kwa kilomita 100, kwa sababu kila ukiwasha inaanza upya kupasha joto betri na sehemu ya abiria. Injini ya petroli ina joto la kumwaga. Mota ya umeme haina, kwa hiyo hita inachota kwenye betri. Lightning za 2024 zilikuja na pampu ya joto, ambayo hutumia umeme mdogo kuliko hita ya gari langu. Anayetafuta iliyotumika na anaishi kwenye theluji, namshauri aanzie hapo. Mimi napasha gari likiwa bado limechomekwa nyumbani, kisha njiani natumia joto la kiti na usukani. Tofauti naiona daftarini kila wiki.

Sasa trela, na hapa ndipo nataka watu wasikilize. Wikiendi nabeba viti na mahema ya harusi za jamaa zetu. Nilivuta trela ya boksi hadi Duluth, kama kilomita 250, mzigo na trela havifiki kilo 1,500. Ilikula uniti 62 kwa kilomita 100! Kwa hesabu hiyo betri iliyojaa haifiki Duluth, ikabidi nisimame Hinckley kuchaji, na nafasi za pale zilikuwa fupi, nikafungua trela kwanza. Mwezi uliofuata nilivuta trela ya wazi, uzito uleule, njia ileile: 43. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uzito wa mzigo, angalia kimo na upana wake mbele ya upepo.

Kuna uniti nyingine ambazo dashibodi haikuonyeshi. Nimefunga mita ndogo kwenye waya wa chaja, na kati ya uniti 100 zinazotoka ukutani, kama 88 ndizo zinazoingia kwenye betri. Zilizobaki zinapotea kama joto. Bili inakuja kwa zile 100. Ndiyo maana kibandiko rasmi cha dirishani kinaandika uniti 48 kwa maili 100, wakati ukigawanya 131 kwa 320 unapata 41. Kibandiko kimehesabu hasara ya kuchaji.

Kwa mwaka mzima, trela na baridi vyote ndani, mita ya ukutani inanipa uniti 40 kwa kilomita 100. Ndiyo jibu nililompa kaka. Akauliza la petroli je? F-150 yangu ya zamani ilikula lita 12 kwa umbali huohuo, na lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti tisa. Alinyamaza kidogo, nikamsikia anatafuta kalamu.