Dubai hadi Guangzhou: kikokotoo kilisema saa 7 kasoro, tiketi ikaonekana saa 11

Novemba nilisafiri na shangazi yangu kutoka Dubai kwenda Guangzhou, tunafuata mzigo wa duka Kariakoo. Shangazi miguu humvimba akikaa sana, kwa hiyo kabla ya bei ya tiketi aliuliza: "Mwanangu, huko hewani tunakaa muda gani?"

Nikaingia kwenye kikokotoo kimoja cha umbali mtandaoni. Kikanipa kilomita 5,800 na ushee, safari ya saa 6 na dakika 50. Halafu tiketi ikaja: kuondoka saa 4:50 asubuhi, kufika saa 3:55 usiku. Shangazi akahesabu kwa vidole, akapata saa 11 na dakika 5, akataka kughairi. Nilimwonyesha kwamba saa za kwenye tiketi ni za mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Ukizitoa, zinabaki 7 na dakika 5. Akatulia.

Kwenda, basi, kikokotoo hakikukosea sana. Tulipita juu ya India, ambayo peke yake ilituchukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha Myanmar, tukaingia China kwa upande wa jimbo la Yunnan. Kwenye skrini ya kiti mwendo ulipita kilomita 1,000 kwa saa. Shangazi aliinuka kutembea mara tatu, na tuliposhuka viatu vilimwingia bila shida. Nilifurahi mno.

Kurudi ndiko kulikotuumiza. Kikokotoo kinatoa muda uleule kwenda na kurudi, nami nikamwahidi shangazi hivyo hivyo bila kuisoma tiketi vizuri. Tuliruka saa 6:15 usiku, tukatua Dubai saa 10:55 alfajiri. Ukitazama haraka unaona saa 4 na dakika 40! Ongeza zile 4 za tofauti: ni saa 8 na dakika 40. Sababu ni upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi hupata nguvu zaidi. Kwenda unakusukuma, kurudi unakukabili. Skrini ileile sasa ilionyesha 750, 760. Usiku, watu wamelala, shangazi kabanwa dirishani, anaona haya kuwaamsha wawili wa pembeni. Alishuka anachechemea, na bado ndege ya Dar ilikuwa mbele yetu.

Jambo jingine ambalo kikokotoo hakiligusi ni muda wa chini. Siku ya kwenda tulitoka hotelini Deira, mtaa wa Dubai, saa 1:30 asubuhi. Tulipomaliza foleni ya uhamiaji pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, kusubiri mabegi na kufika mtaa wa Xiaobei mjini, ilikuwa saa 6 usiku ya China, yaani saa 2 usiku ya Dubai. Saa 12 na nusu, mlango hadi mlango.

Kwa kilomita bado nakitumia, kiko sahihi. Muda nausoma kwenye tiketi, natoa 4 nikienda, naongeza 4 nikirudi. Na safari ya Aprili nimeshamkatia shangazi kiti cha kwenye njia, kwenda na kurudi.