Steshenari ya kujazia fomu ya mkopo wa chuo, nawapa nyota tatu

Wadau, msimu wa mkopo ukifika kila steshenari inabandika karatasi mlangoni, HESLB HAPA (ndo Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), RITA HAPA (wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo). Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita nikampeleka kwenye moja ya hapo nyuma ya stendi, jina siweki ila huduma naielezea maana wengi mtapita mlango kama ule.

Kilichonifurahisha ni yule dada aliyetuhudumia. Kabla hajagusa kibodi akamuuliza dogo, "namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo ndo hii hii?" Swali la maana sana hilo, kuna madogo wamerudia mtihani wana namba mbili, Bodi wanataka ileile uliyoombea udahili, ukichanganya utahangaika. Skana yao pia safi, muhuri unasomeka, sio zile picha za simu kivuli cha kichwa kimelalia saini ya mwenyekiti wa mtaa.

Sasa kero. Wanakufungulia imeili mpya, paswedi wanatunga wao, na kwenye namba ya simu walitaka waweke ya kwao eti "ili tusisumbuane". Nikakataa palepale. Akaunti hiyo ndo utaingilia kurekebisha fomu kama kuna kasoro, ndo utaonea umepangiwa shilingi ngapi kwenye SIPA, ule ukurasa wako binafsi wa mkopo, na ukikosa mkopo, dirisha la rufaa likifunguliwa unarudi humohumo, sasa dada akiwa kahamia mji mwingine paswedi unamtafutia wapi?

Na hela bwana. Ada ya Bodi inajulikana ni 30,000, wao wanataka keshi 40,000 "kila kitu humo". Tukaomba kontrol namba tukalipa kwa simu wenyewe, dada akanuna kidogo ila meseji ya malipo tunayo sisi. Kujaza wakachukua elfu tano, hiyo haki yao sina neno.

Ila kiukweli lawama zingine sio za steshenari, watu wanaenda mikono mitupu. Pembeni yetu kulikuwa na jamaa ana cheti cha kuzaliwa kizuri kabisa kakiwekea na plastiki, hakijahakikiwa RITA, akaanza kugombana na kijana wa watu. Cheti kuwa nacho haitoshi, kinahakikiwa kwanza, waliozaliwa Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa usajili wa kule, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kinapita njia hiyohiyo, bila hivyo huo uyatima wako Bodi hawauoni. Majibu ya uhakiki hayatoki hapohapo kwahiyo anza na hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mdhamini naye umwandae, namba yake ya NIDA na picha ya pasipoti, sio unampigia simu ukiwa umekaa kwenye kiti cha steshenari yeye yuko shamba hana mtandao. Kaya yenu kama ipo TASAF, ule mfuko unaosaidia kaya maskini, beba ile namba ya kaya.

Halafu kuna wanaoprinti fomu wakashangilia wamemaliza, nyie! Bado saini yako, ya mdhamini, serikali ya mtaa wagonge muhuri, ukitoka hapo kwa wakili au hakimu, ndo unarudi kuskani zile kurasa zenye saini na kuzipandisha kwenye mfumo. Pale steshenari wana wakili wao wanamwita kwa simu, mwanzo nikaona ni janja ya kula hela ila bei yake haikupishana na wa mjini na alisoma jina la cheti na la fomu herufi kwa herufi kabla ya kugonga.

Skana na yule dada vimewabeba, nyota mbili wamezipoteza kwenye paswedi na ile elfu kumi. Ukienda wahi asubuhi kabla ya foleni, na muulizie dada wa kompyuta ya dirishani, yule kijana mwingine anajaza fomu za watu huku anachati.