Humiki asidi ya dukani: kweli inageuza udongo kuwa mweusi?

Haya wakulima wenzangu habari zenu, leo mezani kuna hii humiki asidi, pakiti ya kilo moja, ile nyeusi ambayo siku hizi ukiingia duka la pembejeo lazima ushikishwe, jina la kampuni nimelizibia karatasi maana ziko nyingi na karibu zote ndani ni kitu kimoja, potasiamu humeti. Hapa mbele wameandika inageuza udongo uliochoka kuwa udongo mweusi wenye rutuba, kilo mbili kwa heka. Sasa hiyo ahadi ndo tunaibana leo.

Nafungua. Ona, vipande vyeusi tii, vinang'aa, vyepesi, ukivisugua kidoleni vinaacha rangi ya kahawia. Natia kijiko kwenye glasi ya maji, sikorogi kwanza... unaona michirizi inavyoshuka yenyewe? Nikikoroga maji yanakuwa kama chai ya rangi iliyolala. Chini kumebaki vumbi kidogo tu, hapo wamejitahidi, zipo nyingine ukiyeyusha nusu inabaki chini kama mchanga, hiyo ukiiona rudisha dukani siku hiyo hiyo.

Afu kuna hiki kichekesho, jina lake asidi lakini nachovya kikaratasi cha pH, kile cha kupimia uchachu, ona, kimeenda kijani cha buluu, hii ni kama tisa, yaani ni alikali kabisa, kinyume cha asidi. Sababu ni vile inavyotengenezwa: wanachimba leonaditi, ni aina ya makaa ya mawe machanga yaliyoliwa na hewa miaka na miaka, wanayachemsha na haidroksidi ya potasiamu, kinachoyeyuka wanakikausha ndo hivi vipande. Ufundi wenyewe ni wa kale, mwaka 1786 mkemia Mjerumani Franz Achard alishachukua mboji ya kinamasi akaitia alikali akapata maji meusi, na tangu hapo watu wakaamini hicho kinachotoka kwenye alikali ndo humasi yenyewe, yaani ule weusi wa mabaki yaliyooza unaorutubisha udongo. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba hapana jamani, hicho ni matokeo ya alikali yenyewe kwa kiasi kikubwa, kule ardhini ukichungulia bila kuchemsha unakuta mabaki ya mimea yaliyofika hatua tofauti za kuoza, pamoja na maiti za bakteria na fangasi, vimegandia kwenye mfinyanzi na kwenye oksidi za chuma na aluminiamu ndo maana vijidudu vingine havivifikii kuvimaliza.

Na kazi kubwa ya hayo mabaki udongoni ni chaji, yaani umeme mdogo unaonasa virutubisho. Yakioza yanakuwa na vikundi vya kaboksili, ni sehemu zenye tabia ya asidi, vinaachia haidrojeni vinabaki na chaji hasi, basi potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu zenye chaji chanya zinanatia hapo badala ya kuondoka na mvua. Udongo wetu mwekundu mfinyanzi wake mwingi ni kaolini, aina yenye chaji kidogo, uwezo wake wa kushika virutubisho ni kama 3 hadi 15 kwa kipimo cha maabara, humasi iliyokomaa ni 200 hivi. Kwa hiyo kwenye shamba jekundu au la kichanga hiyo asilimia moja mbili ya mabaki ndo inayokulisha, ila udongo ukiwa mchachu sana chaji inapungua, humasi ipo lakini haishiki vizuri, hapo unatakiwa chokaa.

Haya tuje kwenye hesabu, hapa ndo pakiti inaaibika. Heka moja kina cha sentimita 15 ni udongo kama tani 900. Kupandisha mabaki kwa asilimia moja tu unahitaji tani 9 zilizobaki baada ya kuoza, si zilizowekwa, zilizobaki! Wewe umeleta kilo mbili. Hata rangi haitabadilika hata ukimwaga kila wiki.

Na rangi yenyewe isikuchanganye. Ule udongo wa mbuga wa Shinyanga au wa Mwea kule Kenya ni mweusi lakini mabaki yake mara nyingi ni machache, nguvu yake inatoka kwenye mfinyanzi ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Nenda miteremko ya Kilimanjaro na Meru, mweusi wa kule ni mwingine, majivu ya volkano yameoza yakatoa madini ya aluminiamu yanayong'ang'ania mabaki, humo humasi ipo kweli kweli, ingawa hayo hayo madini yanaificha fosforasi.

Sasa sisemi mtupe hii kitu. Kwenye kitalu, kwenye miche ya nyanya au pilipili, mizizi mara nyingi inaitikia, na inasaidia chuma na zinki zisijifunge. Majaribio yanatoa matokeo mazuri zaidi kwenye vyungu kuliko shambani, shambani inapanda inashuka. Ila angalia hiki, nachukua kalsiamu naitreti niliyoyeyusha, namimina kwenye glasi yetu... mnaona? Imekatika, madonge meusi yanazama. Hiyo ikitokea ndani ya bomba lako la kupulizia au kwenye dripu imeziba, kila kitundu unazibua na sindano.

Mwenye heka ya mahindi pesa hiyo apeleke kwenye samadi. Mabua usichome, ila usiyazike makavu peke yake ukapanda hapo hapo, yana kaboni kama 60 kwa naitrojeni 1, vijidudu vitanyonya naitrojeni ya udongo mahindi yawe ya njano uanze kulaumu mbegu, changanya na samadi au majani ya mikunde yaoze kwanza. Na sehemu kubwa itaondoka kama hewa ya kaboni ndani ya mwaka kwa hiyo ni kazi ya kila msimu.

Kitalu naipa saba kwa kumi, kujenga udongo sifuri. Ukinunua soma nyuma kama wameandika imetoka leonaditi, potasiamu asilimia ngapi, na ujaribu kijiko kwenye glasi kabla hujajaza bomba.