Shule iliyopewa alama 3 kati ya 10, na yule dada wa mapokezi

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, mmekuwa mkiuliza kama hii shule ya msingi ya serikali inafaa kuandikisha watoto. Naipa nyota 1. Si kwa sababu ya walimu, wala chakula, wala jengo. Ni yule dada wa mapokezi, na nikianza kuandika mengine kabla ya lake nitapasuka.

Nilikwenda kuulizia karatasi ya matokeo ya mtihani wa jimbo. Binti yangu aliufanya mwaka wa masomo uliopita, akiwa darasa la tatu, ndio mwaka wao wa kwanza kuufanya. Karatasi ilikuja nyumbani imejaa michoro ya rangi na asilimia, mtu unageuzageuza tu. Baridi ilikuwa imeshaanza, maana nakumbuka mtoto alikuwa na glavu. Nikaomba mkalimani wa Kiswahili. Kiingereza cha kazini nakiweza, lakini mambo ya mwanangu nataka niyaelewe yote, si nusunusu.

Hakuinua hata macho. Anabofya kalamu, ka-ka-ka, halafu anamgeukia mtoto: "Mwambie mama yako hizo karatasi zinajieleza." Jamani! Mtoto wa miaka tisa awe mkalimani wa matokeo yake mwenyewe? Nikasema acha, naongea mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini shule nzima iko chini ya wastani wa jimbo. Hapo ndipo aliponitazama. "Sisi tungekuwa vizuri tu, hawa wanaojifunza Kiingereza ndio wanatushusha." Na kidevu kamwelekezea binti yangu. Mtoto akainamisha kichwa, akaanza kuvuta uzi wa glavu. Kiingereza anakielewa kunishinda mimi, kwa hiyo hakuna kilichompita.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu nikasoma. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inalitaka kila jimbo lipime kusoma na hesabu kila mwaka, kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha matokeo yatangazwe kwa makundi: rangi na asili, watoto wa familia zenye kipato kidogo, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Makundi hayo hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Shule ikitangaza wastani peke yake, inaweza kung'aa huku kuna watoto wameachwa nyuma miaka nenda miaka rudi na hakuna anayeuliza. Takwimu zile zipo ili shule iulizwe imewafanyia nini watoto hawa. Yule dada kazishika kichwa chini miguu juu, eti watoto ndio wajibu wameifanyia nini shule!

Na hata hesabu yenyewe hajaielewa. Mtoto anawekwa kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza kwa sababu Kiingereza chake hakijafika kiwango. Akifaulu mtihani wa lugha, anatolewa. Wanaobaki ni wale ambao bado wanahangaika, pamoja na walioshuka kwenye ndege juzi. Ni sawa na kuingia wodini, kukuta waliolala wote wanaumwa, ukasema hospitali haiponyeshi, wakati waliopona wako makwao wanakula ugali. Sheria inayaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliotoka kwa muda wa hadi miaka 4, na hiyo inapunguza upotofu huo kidogo, ila bado upo palepale.

Sasa ile alama ya shule, 3 kati ya 10, mnayoiona mkitafuta nyumba mtandaoni. Kwa sehemu kubwa inafuata mifuko ya wazazi. Shule yetu watoto wote wanakula bure bila mzazi kujaza fomu, na utaratibu huo ni wa shule zenye familia nyingi za kipato kidogo, kwa hiyo mjue tuko wapi. Huku mtoto kwa kawaida anasoma shule ya mtaa anaoishi, na mtaa unaoishi ni ule unaoumudu kodi yake. Basi shule ya matajiri inapewa 9, ya kwetu 3, na watu wanasema walimu wa kule ni wazuri. Mkifungua ripoti ya jimbo, msiishie kwenye asilimia ya waliofaulu. Teremkeni mpaka palipoandikwa ukuaji, yaani mtoto alikuwa wapi mwaka uliopita na sasa kafika wapi. Kwenye ukuaji shule yetu iko juu ya wastani. Hilo hukulisikia pale mapokezini, sivyo?

Na hapa ndipo mkono unasita kwenye ile nyota 1, maana yupo mwalimu wa Kiingereza wa watoto wetu. Huyu mama alinipigia simu mwenyewe, mkalimani yuko kwenye laini. Sauti ya mkalimani ya pwani kabisa. Aliposema "shikamoo mama" nilicheka peke yangu jikoni. Tukaipitia karatasi mstari kwa mstari. Mwalimu anasema, anasubiri, mkalimani anasema, naye anasubiri nimeelewa. Nikajua binti yangu hesabu yuko sawa, kinachomwangusha ni yale maswali marefu ya maneno. Mwalimu akaniambia nimsomee hadithi kwa Kiswahili kila usiku, nisiache. Kumbe mkalimani wa simu walikuwa naye siku zote!

Kwa hiyo mkienda, ombeni mkalimani kwa maandishi na mbaki na nakala. Si hisani ya mtu, ni haki inayotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mkiambiwa mtoto atatafsiri, kataeni palepale.

Darasani naipa nyota 4, tena ya 5 nimeibana tu. Mwandikisheni mtoto, sijutii. Ila hapa natakiwa kuweka namba moja, na nikikumbuka kile kidevu nyota zote zinaniporomoka. Naweka 2. Nitaongeza siku yule dada atakapomwomba radhi mwanangu, si mimi.