Majoka ya Kijani ya Chumba Namba 95

Anayefika British Museum mjini London kwa ajili ya vyombo vya kale vya kauri vya China na aende moja kwa moja Chumba namba 95, vilipowekwa vyombo 1,700 hivi alivyovikusanya Sir Percival David. Kiingilio ni bure. Wageni wengi huishia kwenye mitungi miwili ya buluu na nyeupe ya mwaka 1351, ambayo kweli ina majoka na inastahili sifa zake, lakini mimi nawasihi wasogee hadi kwenye vyombo vya enameli, yaani rangi za kioo zinazogandishwa kwenye chombo kwa moto.

Muda wangu mwingi niliutumia kwa vyombo vyeupe vyenye majoka ya kijani vya enzi ya mfalme Zhengde (1506–1521). Fundi wa Jingdezhen, mji wa China uliojulikana kwa kauri, alilichora joka kwa ncha kali kwenye udongo mbichi, akakivika chombo utando wa kioo huku akiliacha tupu umbo la joka, akakichoma kwa moto mkali. Kisha akapaka kijani pale palipobaki udongo mtupu, akakirudisha tanurini kwa moto wa chini zaidi. Ukiinama na kutazama kwa karibu, utaona kijani kimekolea ndani ya michoro ya magamba, kama maji yaliyotuama mferejini. Hesabu na makucha ya kila mguu: matano ni alama ya mfalme, ilhali majoka ya ile mitungi ya 1351 yana manne.

Rangi nazo zilikuwa na sheria yake. Katika nasaba ya Qing (1644–1912), vyombo vya manjano ndani na nje vilikuwa vya malkia, na vya manjano vyenye majoka ya kijani walipewa wake wa mfalme wa daraja la chini yake, hata mtu akajua kwa sahani tu ni nani anayeandaliwa chakula.

Vyombo vimepangwa kwa wingi makabatini, jambo linalomfaa anayetaka kulinganisha. Sisi wa pwani, tuliozoea makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, ambako bakuli nyingi za China zilizopachikwa kama pambo zimebanduliwa zikabaki alama za duara kwenye chokaa, tunapata faraja kubwa kuona vyombo vizima kutoka nchi hiyohiyo. Tenga saa mbili. Mwenye saa moja aanze na majoka ya kijani.