Kozi ya kupogoa misonobari Takamatsu: nendeni vuli, si kiangazi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa: yeni 8,000 kwa siku, chakula juu yako. Mkasi, msumeno na ngazi wanakuazima. Glavu hawana, na utazihitaji, kwani utomvu wa msonobari ukishagandia vidoleni sabuni haifui dafu. Mimi niliutoa kwa mafuta ya kupikia.

Mahali penyewe ni kitalu cha miti pembezoni mwa Takamatsu, kisiwani Shikoku, Japani. Kwa sisi tunaoishi Okayama ni treni ya kama saa moja, unavuka bahari kwa daraja kubwa la Seto. Nimehudhuria kiangazi, kisha nikarudi mwishoni mwa vuli, na malalamiko yangu makubwa yako hapo: tangazo lao linaeleza kozi moja, kumbe ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kiangazi, kati ya Juni na Julai, kuna mekiri. Chipukizi za mwaka huu zinakatwa hadi mwanzo wake ili mti utoe nyingine fupi, zenye sindano fupi. Ujanja uko kwenye mpangilio. Msonobari mweusi ukiachwa ujiendee, nguvu zote hukimbilia kileleni na kwenye ncha za nje, matawi ya chini na ya ndani yakabaki na njaa. Basi fundi huanza na chipukizi dhaifu, akaziacha zenye nguvu siku kumi hivi ndipo azirudie. Zile dhaifu zinakuwa zimetangulia kuchipua, na ikifika vuli mti mzima umelingana. Sasa niambieni, mtu aliyelipia siku moja ataona nini hapo? Anakata dhaifu asubuhi, jioni yuko kwenye treni. Awamu ya pili anaifanya mwalimu peke yake. Juu ya hayo, jua la Julai huko halina mzaha, na maelezo yote ni kwa Kijapani cha wenyeji, ambacho programu ya tafsiri kwenye simu yangu ilikuwa inakibuni tu.

Vuli ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kazi inaitwa momiage, na kwa kweli ni kuunyonyoa mti kama kuku. Unapanda ngazi ya miguu mitatu. Ule wa tatu ni mwembamba, unaupenyeza katikati ya matawi mpaka ukae, hata ardhi ikiwa na mteremko haiyumbi. Mkono wa kushoto unashika ncha ya tawi, wa kulia unang'oa sindano za mwaka jana, jozi kwa jozi, ukivuta kufuata uelekeo wa ncha. Ukivuta kinyume, inatoka na kipande cha ganda. Mwalimu wetu, mzee wa maneno machache, alikuwa akibakiza jozi saba au nane katika kila ncha, ila kileleni alipunguza zaidi na chini akaacha nyingi, kwa sababu ileile ya nguvu kukimbilia juu. Hakufundisha kwa mdomo. Alimaliza tawi moja, akakuachia la jirani yake, akarudi baadaye akalitazama akiwa chini, si juu ya ngazi. Kama anga haionekani vizuri kati ya matawi, anasema bado. Nilisikia bado nyingi sana siku ile, na sikuhitaji tafsiri.

Mkitegemea kutoka hapo mnajua kuunda mti kuanzia mche, hamtajua. Kupinda tawi kwa mianzi na kamba nyeusi ya mchikichi wa Kijapani tulionyeshwa haraka haraka tu, jioni, wakati watu wanafunga mizigo. Hilo lingestahili siku yake.

Kabla au baada ya kozi, pitieni bustani ya Ritsurin, iko mjini hapohapo. Ina misonobari ipatayo 1,400, na takriban 1,000 kati yake inatunzwa kwa mkono. Ile inayoitwa hako-matsu imekatwa juu bapa na ubavuni wima, ukuta mtupu kwa nje. Chungulia kwa ndani uone matawi yalivyopindana.

Kwa wenye bustani nyumbani: msonobari mweusi ni mti mgumu kwa mwanafunzi, kwa sababu tawi lisilobaki na sindano halichipui tena. Kitaluni kuna pia maki, mti wenye majani membamba unaopandwa sana kwenye nyua za mkoa wa Chiba, nao ni ndugu wa karibu wa podo wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Huo unavumilia mkasi na unasamehe. Mtu wa Arusha au Limuru anayetaka kujaribu mtindo huu aanzie podo, asihangaike kutafuta mche wa Japani.

Viatu vyao vinavyotenga kidole gumba na vingine vinauzwa hapo ofisini, ila mwenye mguu mkubwa asitegemee saizi yake. Nenda na raba zenye soli laini. Mkasi wao wa kuuza ni ghali, na maduka ya vifaa mjini yana wa bei nafuu unaokata vilevile. Nafasi za Novemba hujaa mapema, na barua pepe huwa hawajibu. Pigeni simu.